Niliona Jikoni, Nikakubali Kula Bure

Sitajitetea. Nilichofanya ni kichafu, na sitaki mtu anitafutie sababu.

Nilihamishiwa Dodoma kikazi nikitokea Tanga. Miezi ya kwanza chakula kilinitesa. Nilizunguka Majengo na mitaa ya jirani nikijaribu mgahawa huu na ule, na kila nilipokula vizuri niliandika kwenye grupu la ofisini. Wenzangu wengi nao walikuwa wageni mjini. Wakaanza kuniuliza, "Dada, leo tukale wapi?" Nikajiona mtu.

Mgahawa mmoja niliusifia kuliko yote, hasa mchuzi wake wa nyama. Siku moja nikiwa pale nikaenda chooni, uani, nikapita mlango wa jikoni. Mpishi alikuwa ameinamia sahani zilizorudi kutoka kwa wateja. Mchuzi uliobaki anaumimina tena kwenye sufuria. Vipande vya nyama vilivyong'atwa anavisuuza kwenye beseni la maji yenye mafuta yaliyoganda, anavirudisha humo humo. Kimoja kilikuwa na alama za meno. Nilikiona kwa macho yangu.

Nilitapika chooni. Nilipotoka, mwenye mgahawa, aliyeniona pale mlangoni mwa jiko, alikuwa ananisubiri.

"Dada, wewe ni mtu wetu," akaniambia taratibu. "Wateja wote hawa umetuletea wewe. Kuanzia leo hulipi. Na chakula chako tutakupakulia mapema, kabla ya watu."

Nikakubali. Nikikumbuka nilivyoitikia haraka, najichukia.

Kwa karibu miezi miwili nilikula pale bure, asubuhi, chakula kikiwa bado kipya. Wenzangu wakija saa saba nilikuwa nakaa nao, nawatazama wakichovya ugali kwenye mchuzi ule, nami nachokonoa meno. Na kwenye grupu niliendelea kuusifia.

Kisha mwenzangu wa meza ya pili, nitamwita Rehema, akampokea mama yake kutoka kijijini Kibakwe. Mama alikuja kufanyiwa upasuaji wa macho.

"Nataka nimpeleke kula sehemu nzuri," Rehema akaniuliza. "Pale kwenye mchuzi unaousifia, unapaamini?"

"Si ndipo ninapokula kila siku?" nikamjibu.

Wakaenda mchana ule. Usiku huohuo mama akaanza kutapika na kuhara. Alilazwa siku nne. Siku ya upasuaji ikapita akiwa na dripu mkononi, madaktari wakampangia tarehe nyingine, mbali sana.

Nilikwenda kumwona nikiwa na chupa ya uji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye rafiki wa Rehema? Sikuoni vizuri, lakini Mungu akubariki kwa kunikumbuka."

Nilishindwa kukaa. Nikamvuta Rehema nje nikamweleza yote, hadi ile nyama yenye alama za meno.

"Kwa hiyo ulijua," akasema. "Na wewe ulikuwa unapakuliwa chako pembeni."

Akaingia wodini, akatoka na ile chupa ya uji, akaniwekea miguuni. "Mama yangu hali kitu kilichotoka mkononi mwako."

Kesho yake nilikwenda kwa bwana afya nikaeleza nilichokiona. Mgahawa ukafungwa. Ofisini nikaandika ukweli kwenye grupu. Mmoja mmoja walijitoa, mpaka nikabaki peke yangu na jumbe zangu za kusifia chakula. Rehema aliomba kuhamishiwa chumba kingine pale ofisini. Tukipishana ananisalimia kama mtu asiyemjua.

Wewe uliyehamia mji mpya, ukapata mahali pa kula, ukawa unawaelekeza wenzako: siku ukiona uchafu, sema siku hiyo hiyo, hata kama ni wewe uliyewapeleka. Mimi nilinyamaza kwa sahani ya bure. Yule mama bado yuko Kibakwe anasubiri tarehe, na njiani kwenda kisimani anashikwa mkono.