Kujibu Kutoka Jikoni

Baba mkwe wangu ana akogo mbili, kubwa na ndogo. Ni visanduku vya mbao vyenye ndimi za chuma juu yake. Unakipakata kimoja na kukipiga kwa vidole gumba. Kubwa huuliza, ndogo hujibu. Ile ndogo ilikuwa ya kaka yake, na tangu kaka huyo azikwe, mzee hukaa barazani kwake Molo, upande wa Tororo, jioni akipiga maswali peke yake. Anauliza, ananyamaza kwa urefu wa jibu, anauliza tena.

Nilipousikia ule ukimya mara ya kwanza nilikuwa jikoni, kwenye kijumba cha pembeni, nikisaga karanga. Mkono ulisimama wenyewe juu ya jiwe. Nilitaka kuujaza ule ukimya, nilitaka kama mwenye kiu anavyotaka maji, na hata akogo inavyoshikwa sikujua.

Shida ni kwamba mimi ni mtu wa Lunyo. Kwetu mke wa mtoto hakai benchi moja na baba mkwe, hampi mkono, hamkazii macho. Nimelelewa hivyo na siombi radhi. Mzee ni Mteso, lakini aliiheshimu adabu yangu: kabla ya kuingia uani hukohoa, nipate pa kujiweka. Ndoa yangu yote tumezungumza kwa kikohozi. Basi mwalimu alikuwa palepale, ukuta mmoja tu katikati, na sikuweza kumfikia.

Nikamtuma binti yangu. Alikuwa darasa la tatu, maneno mengi, vidole vyembamba. Likizo ilipofika tulitoka Busia tunakoishi, tukaja Molo, nikamwambia amwombe babu amfundishe. Kila jioni alikaa miguuni pa mzee, nami nyuma ya ukuta wa udongo, moshi machoni, nikigongagonga vidole gumba kwenye ukingo wa ungo. Mzee alijifunzia Kiswahili kiwandani, kwenye saruji ya Tororo, na ndicho anachoongea na mjukuu wake wa mjini.

"Hapana kimbia," nilimsikia. "Akogo haitaki haraka. Ngoja mimi namaliza, ndiyo wewe naingia."

Nami nikangoja. Jua lilishuka taratibu juu ya wimbi tulilolianika mkekani, Mwamba wa Tororo ukafifia kwa mbali hata nisijue kama ni mwamba au wingu, na ile sauti ikapenya ukutani pamoja na harufu ya karanga. Kuna jioni nilisahau kabisa kwamba nina mume, mtoto na chungu motoni. Nilikuwa ndani ya swali la mzee, nangoja zamu yangu.

Likizo ilipokwisha mzee alimpa mtoto ile ndogo aje nayo Busia. Tulifanya mazoezi tukiwa tumekaa kitandani, baada ya kazi za shule, malori yanayongoja kuvuka mpaka yakinguruma barabarani. Nilijifanya namsaidia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikimnyang'anya akogo kila akijikuna.

"Mama, unapiga kama unafukuza kuku."

"Na wewe unapiga kama umelala."

"Babu alisema ungoje."

"Najua alichosema babu. Nilikuwepo."

"Ulikuwa jikoni!"

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini mwishoni mwa wimbo pana mahali ambapo jibu linaingia kabla swali halijaisha, kidole gumba cha kushoto kikiruka ndimi mbili na kurudi. Vidole vya mtoto havikufika. Vyangu vilifika. Nilifurahi kuliko inavyompasa mama kufurahi.

Ndipo mume wangu akarudi kutoka Molo na habari. Kidole cha baba kimeanza kukakamaa. Krismasi ikipita ataitundika ile kubwa msumarini. "Anasema mtoto bado mdogo, na hakuna mwingine wa kumjibu. Ajisumbue ya nini?"

Nilikasirika. Nilikikasirikia kidole, nikaikasirikia adabu yangu mwenyewe, nikamkasirikia na mume wangu, ambaye hata kupiga makofi kanisani humshinda. 

Desemba tulikwenda. Jioni ya kwanza nilikuwa nikisonga ugali wa wimbi, mzee na mjukuu wakaanza barazani. Mtoto alijibu vizuri, akajibu tena, kisha akafika pale mahali, akateleza. Wakarudia. Akateleza. Nikasikia miguu inakuja mbio. Alisimama mlangoni, machozi yanamlengalenga, akaniwekea akogo mapajani, juu ya unga.

"Malizia, mama."

Nje mzee hakuwa amenyamaza. Alikuwa akilizungusha swali lile lile, polepole, kama mtu anayetembea huku na huku akimsubiri mgeni.

Nikaacha mwiko. Nikaupa ukuta uso wangu, mikono ina unga mpaka viwikoni, nikajibu. Swali likasita kidogo tu. Kisha likaja tena, limechangamka, nami nikalidaka kabla halijaisha, kidole kikaruka na kurudi. Sijui tulipiga kwa muda gani. Ukuta ulikuwepo na haukuwepo. Ugali uliungua na hakuna aliyeinuka kuuepua, hata mtoto, aliyekuwa amekaa chini akitikisa kichwa kama bibi harusi.

Mzee alipoacha, niliogopa kupumua. Nililisikia benchi likilia, nikajua ameinuka. Nikaufikiria ule msumari.

Akakohoa.

"Wewe mtoto," aliita. "Ambia huyo mtu ya jikoni, kidole yake ya kushoto nachelewa kidogo. Kesho tutarudia."