Tandiko la Farasi Aliyeitwa Meza

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika sindano. Nilikuwa nimetoka kwa baba mdogo, fundi viatu hapa Bunia, na mfuko wa zana begani, nikidhani nitapewa ngozi na kuambiwa nishone. Shamba la ng'ombe lililoniajiri lilikuwa kwenye vilima vya upande wa Bogoro, na wachungaji wake walizunguka malishoni kwa farasi. Shefu wa Zizi, mkuu wa farasi wote pale, mzee mrefu aliyeongea kwa sauti ya chini, alinipeleka moja kwa moja kwa farasi mweusi aliyekuwa ametoka kuvuliwa tandiko.

"Weka mukono hapa, binti," akasema. "Unasikia nini?"

"Kuko moto."

"Wapi?"

"Nyuma ya mabega. Huku upande wa kuume tu."

"Bon. Pale njo tandiko inamuumiza. Kila asubuhi utaanza na migongo. Ngozi na sindano inakuja nyuma."

Ndivyo nilivyoanza. Matandiko ya wakati ule yote yalikuwa na arsoni, yaani kiunzi cha mbao kinachofichwa ndani ya ngozi na kulipatia tandiko umbo. Arsoni ndiyo inayougawa uzito wa mpandaji pande mbili za uti wa mgongo na kuuacha mfupa wenyewe huru. Ikiwa pana kupita kiasi, tandiko hushuka na kulalia mfupa. Ikiwa nyembamba, hubana nyama ya mabega kama kiatu kidogo kinavyobana kidole. Shefu wa Zizi alinifundisha kulijaza tandiko sufu pale palipopungua na kuipunguza pale palipozidi, na nilikaa naye miaka mingi, hadi vita vilipofika kwenye vilima vile. Ng'ombe walitawanyika. Farasi sikujua waliishia wapi. Mimi nilikimbia na watoto wangu na zana zangu.

Nilipata kazi Nyankunde, katika ateliye, yaani karakana, iliyoshona mikanda ya miguu ya bandia. Huko hapakuwa na farasi, lakini kazi haikuwa ngeni sana kwangu. Shefu wa Ateliye alimtembeza mgonjwa uani, akamketisha, akamvua mguu na kutazama ngozi. Palipoiva pakawa pekundu, hapo ndipo tulipofumua na kushona upya. Nilishona mikanda mingi pale, na watu wengi niliwaona wakiondoka wakitembea.

Hali ilipotulia kidogo nilirudi Bunia. Chama cha wafugaji kilikuwa na kituo kando ya mji, na Mkurugenzi wake alitafuta mtu wa kutunza vifaa vya ngozi. Kituo kilikuwa na farasi wawili wa Daktari wa Mifugo, mama mwembamba asiyependa kukaa ofisini. Wakati wa mvua pikipiki zilizama kwenye matope, na mifugo iliyougua ilikuwa mbali na barabara. Dume alikuwa amezeeka, kwa hiyo safari zote zikamwangukia jike.

Jike huyo aliitwa Meza, na jina lilimfaa. Mgongo wake ulikuwa mpana na bapa; ungeweza kuweka kikombe cha chai juu yake kisimwagike. Farasi wengi wana kigongo kinachoinuka pale mabega yanapokutana, nacho hulizuia tandiko lisigeuke. Meza hakuwa nacho. Arsoni zote tulizokuwa nazo zilikuwa nyembamba kwake. Alianza kwa kukunja masikio alipoona tandiko, kisha akawa anauma mikono yetu, na asubuhi moja alimrusha Daktari chini na kumvunja kifundo cha mkono.

Mkurugenzi aliniita. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amechoka.

"Ile farasi haiwezi tena kutumika hapa," akasema. "Kuko muntu wa matofali anaitaka. Itabeba matofali yake."

"Direkta, mugongo yake iko na kidonda. Matofali itamumaliza."

"Najua. Lakini Dokta akivunjika shingo, nitawaambia nini watu wake?"

Nilikwenda kumwita Daktari. Yeye ndiye aliyesema, mkono ukiwa bado umefungwa, kwamba yapo matandiko yasiyo na arsoni. Ni laini, yanakunjika, yanafuata umbo la mgongo wowote. Mkurugenzi akasema anamjua mchuuzi anayekwenda Kampala, atamwagiza alete mawili, tuchague moja na jingine alirudishe. Kama yote yatashindwa, Meza ataondoka. Wiki zile za kusubiri tulimpaka dawa na kumwachia majani, na kidonda kikafunga.

Tandiko la kwanza lilikuwa zuri. Lilikuwa laini kama godoro, na Meza alisimama kimya tulipomwekea. Daktari alilipenda palepale. Lakini alipokanyaga kikanyagio ili apande, tandiko lote lilizunguka likamfuata, ikabidi nimdake. Tukamleta karibu na jukwaa la kupakulia magunia, akapanda kutoka juu. Niliingiza mkono chini ya tandiko akiwa amekaa. Vidole vyangu vilibanwa kabisa juu ya uti wa mgongo. Hapakuwa na nafasi hata ya karatasi.

"Dokta, umekaa juu ya mufupa," nikamwambia.

Akashuka bila kubisha.

La pili lilikuwa zito na lenye sura mbaya. Chini yake lilikuwa na mito miwili minene, mmoja kila upande, na mfereji katikati. Mkono wangu ulipita kwenye mfereji ule bila shida. Mikanda ya vikanyagio ilishonwa kwenye ngozi pana, kwa hiyo uzito haukuangukia mahali pamoja. Kasoro ilikuwa mbele: upinde wa ngozi ngumu uliokaa juu ya mabega ulikuwa mwembamba, na Meza alikunja masikio tena ulipomgusa. Ule ningeweza kuupanua, ila kwanza ilibidi niufumue.

"Ukifumua, muchuuzi hatairudisha," Mkurugenzi akasema. "Itabakia yetu, hata kama haifae."

"Njo vile, Direkta."

Alimtazama Daktari. Daktari aliniangalia mimi, siyo tandiko.

"Fumua, mama," akasema.

Nilikata uzi wa kwanza. Niliongeza kipande cha ngozi ya ng'ombe, nikaupinda upinde upya kwa kuufuata mgongo wa Meza mwenyewe, nikashona kwa uzi uliopakwa nta. Asubuhi ya majaribio tuliweka kitambaa cheupe chini ya tandiko, Daktari akapanda kutoka jukwaani, akaenda kuwaona ng'ombe waliougua upande wa Bogoro. Mimi na Mkurugenzi tulibaki langoni tukijifanya tuna kazi pale.

Walirudi alasiri. Niliwaona kwa mbali kabla sijasikia kwato: Meza alitembea kwa utulivu, kichwa chini, masikio yakining'inia kama ya ng'ombe anayecheua. Tulimvua tandiko. Kitambaa kilichafuka sawasawa pande zote mbili, na katikati, palipolalia uti wa mgongo, mstari ulibaki mweupe. Niliupapasa mgongo kuanzia mabega hadi kiunoni, nikaminya kwa vidole. Hakushtuka. Aligeuza shingo, akaninusa begani, akarudi kwenye majani yake.

Mkurugenzi aliketi juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe akapangusa uso.

"Basi," akasema. "Muntu wa matofali atafute punda."

Daktari alicheka hadi akashika ule mkono wake uliopona. Mimi niliingia ghalani nikalia kidogo, maana sikutaka wanione.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani Nyakasanza, mtaa wa hapa Bunia. Majirani wananiletea mikoba ya shule iliyochanika. Kwa ninyi mnaoanza kazi hii nasema tu kwamba tandiko laini si lazima liwe tandiko jema. Pitisheni mkono chini yake mpandaji akiwa amekaa, na msimwamini mpandaji anayesema anastarehe.

Siku yangu ya mwisho kituoni Daktari aliniuliza kama ninajua kwamba sijawahi kupanda farasi. Nilijua. Miaka yote ile nilishona tu. Akamleta Meza jukwaani, nami, bibi mwenye wajukuu, nikapandisha kitenge magotini na kukaa. Alikuwa mpana kama kitanda. Daktari alishika hatamu akatuzungusha uani polepole, wafanyakazi wakitutazama, na mimi nikashika manyoya ya shingo kwa mikono miwili. Tulipomaliza mzunguko aliniuliza kama nataka kushuka.

"Bado, Dokta," nikasema. "Tuzunguke tena."