Pikapu Iliyopakwa Mafuta ya Papa

Baba yangu, Mzee Chirau wa Munje, alitutoka mwezi wa Rajabu. Mwenyezi Mungu amrehemu. Waliokuja matangani walimtaja kwa swala zake na ukarimu wake. Mimi, bintiye Hanifa, naandika habari ya pikapu, kwa kuwa hata imamu aliposimuliwa ilimbidi ajizibe mdomo asicheke.

Kazi ya Baba ilikuwa kutengeneza mashua. Aliziba nyufa, kisha akazipaka sifa, yale mafuta ya ini la papa, ili chumvi isile mbao. Pikapu yake mwenyewe chumvi ilikwisha kuila milango, mpaka ukikaa ndani unaiona barabara ikipita. Posa yangu ilipokubaliwa, aliapa kunipeleka kwa mume Majoreni kwa gari lake, si la kuazima.

Mama alimshauri ampelekee Hesbon, fundi wa magari wa Ukunda.

"Anataka wiki mbili, na harusi ni Jumapili," alisema Baba. "Mimi napigana na chumvi tangu Hesbon hajazaliwa."

Akakwangua kutu kwa msasa, akapiga bismillahi, akapaka sifa tabaka mbili, na juu yake rangi ya buluu. Sasa, ubao hunywa mafuta. Bati halinywi. Siku ya tatu rangi ilikuwa ingali inanata, imejaa nzi, na paka saba wa mtaa wamelala chini ya gari wakisubiri.

"Hao ndio waalikwa wako wa mwanzo," Mama alimwambia.

"Rangi nzuri haina haraka, Mama Hanifa."

Ijumaa baada ya swala akasalimu amri, tukaenda Ukunda. Hesbon aligusa mlango, akanusa kidole, akarudi nyuma.

"Mzee, hapa umepaka rangi ama umekaanga gari?"

"Nimelikinga na chumvi."

"Chumvi kweli haitashika. Hata rangi haishiki."

"Harusi ni keshokutwa, mwanangu. Nisaidie."

Sikuwahi kumsikia Baba akiomba hivyo ila kwa Mungu.

Hesbon aliiondoa rangi na mafuta yote kwa thina, akaziba matundu, akapaka ile rangi ya chini, nyekundu, ya kuzuia kutu. Muda wa rangi ya juu haukuwapo. Basi pikapu iliyokuwa na kutu milangoni tu, sasa ilikuwa na rangi ya kutu mwili mzima.

Jumapili ami yangu Sharif alileta gari lake jeupe, linang'aa. Baba akalitazama, kisha akanitazama mimi. Nikakusanya buibui langu nikapanda pikapu.

Alipiga honi njia nzima. Tulipopita Ramisi watu walitoka majumbani kutuangalia. Tulipofika Majoreni, mama mkwe alifungua mlango wa pikapu, akanusa.

"Mmekuja na samaki?"

"Samaki mtavua wenyewe," alisema Baba. "Mimi nimemleta binti yangu, na gari ni langu."