Mzee Sadoki Hakucheza

Uliza mtu yeyote pale Nkoaranga, kuanzia getini pa hospitali hadi kule juu mashamba yanakoishia, atakwambia Mzee Sadoki Sumari ni mtu wa kuheshimika. Ni mzee wa kanisa, anaimba besi, na mibuni yake imesimama kwenye mistari kama wanafunzi mstarini. Kucheka anacheka Krismasi. Kucheza? Thubutu! Harusini anapiga makofi ya heshima, kisha anakaa kusubiri pilau.

Mke wake sasa, Mama Eliya, Mungu alimuumba siku nyingine kabisa. Jina lake la ubatizo ni Tabitha, lakini kicheko chake ndicho kinachojulikana zaidi. Akicheka ng'ambo ya korongo, na wewe huku unajikuta unacheka, wala hujui mnachekea nini. Mwanawe Eliya alipomletea simu ya kupangusa, majirani walidhani ataifungia kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Wapi! Haikupita hata kwaresima mama wa watu akawa na ukurasa wake mtandaoni. Anajirekodi akisonga loshoro la mahindi na maziwa mgando, anajirekodi akigombana na kuku, na kila video anaitilia muziki mtamu. Ruhusa ya wenye nyimbo? Ruhusa ya nini? Kwake yeye wimbo ukishatoka redioni ulikuwa kama mvua, unamnyeshea kila mtu.

Kikwazo kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa na pembe. Malkia, ng'ombe wa maziwa aliyewasomesha watoto wao wote, alikufa kwa uzee mwaka jana, na kabla hajafa Mzee Sadoki alimpigisha picha mkewe mpaka simu ikapata moto. Malkia akila, Malkia akilala, Malkia akikutazama tu. Simu ilijaa Malkia. Na mzee alikuwa ameweka sheria: "Simu ni yako, Mama Eliya. Lakini Malkia usimguse." Kwa hiyo kila video ilipokwisha kuwekwa mtandaoni, ilibidi ifutwe kwenye simu ili nyingine ipate pa kukaa.

Basi siku hiyo ilikuwa ya kuchuma kahawa. Redio ilikuwa dirishani pa jiko, na wimbo uliokuwa unapigwa ni ule wa Lemburis, kijana wa Kimandolu kule mjini, ule wa "Teremka Taratibu" ambao wakati ule hata mbuzi walikuwa wameshaujua. Mama Eliya alikuwa anatoka bandani kumkamua binti wa Malkia, ndoo ya maziwa mkononi. Akatupa macho mibunini. Mzee Sadoki yuko kule, amempa mgongo, kapu kiunoni. Mzee akatazama kushoto. Akatazama kulia. Kisha, mtu wangu, yakaanza mabega.

Mabega kwanza. Halafu kiuno. Halafu ule mguu wa kulia ukachora kitu ardhini, ukarudi, akateremka taratibu kama wimbo unavyotaka, akapanda, kapu halikumwaga hata punje. Nusura ndoo imtoke Mama Eliya mkononi. Maana mabega yale aliyajua! Ndiyo yaliyomfanya akatae posa za watu wenye mashamba makubwa, akaolewa na kijana asiye na kitu. Halafu zikaja ada za shule, ikaja bei ya kahawa kuanguka, ukaja uzee wa kanisa, na yule kijana akapotea polepole bila hata kuaga. Mama Eliya alikuwa ameshakubali kwamba hatamwona tena. Na huyu hapa, katikati ya mibuni, mzima! Akachomoa simu kifuani, akarekodi huku machozi yanamtoka na kicheko amekibana kwa meno.

Jioni hiyo hiyo akaiweka mtandaoni, akaifuta kwenye simu kumpisha Malkia, akalala usingizi wa bibi harusi.

Weee! Video ilikwenda. Ilifika Tengeru, ikafika mjini, ikafika kwa watu ambao Nkoaranga hawajawahi hata kuisikia. Jumapili vijana wa kwaya wakampokea Mzee Sadoki mlangoni pa kanisa kwa mabega, wakateremka wote pamoja, taratibu. Mzee akawapita amekunja uso.

"Mimi sikucheza," aliwaambia wazee wenzake baada ya ibada. "Siafu walikuwa wameniingia."

"Siafu wa kiunoni?" akauliza mmoja.

"Siafu hawachagui."

Mama Eliya alicheka mpaka akashikilia nguzo. Hakujua kwamba mwenzake anaumia. Na haikupita wiki, akafungua ukurasa wake, akakuta pale palipokuwa na mumewe pana kijisanduku cheusi na maneno: video hii imeondolewa kufuatia malalamiko ya mwenye wimbo.

Alilia, jamani. Alilia kama amefiwa. Nakala hana, ameifuta mwenyewe kwa mkono wake. Angemwonyesha nani sasa? Angejionyesha nini mwenyewe, siku mzee akinuna wiki nzima? Mzee Sadoki alikunywa chai yake kwa utulivu ambao mwanamke asiyekuwa na machozi machoni angeutilia shaka.

"Chenye mwenyewe kina mwenyewe," alisema. "Wimbo ni wa watu. Yameisha hayo."

Hayakuisha. Mama Eliya ni Mmeru wa Wameru, na Wameru tangu enzi wana namna yao ya kumwendea mtu waliyemkosea. Hutumi ujumbe. Hupigi simu. Unakata isale, lile jani refu la kijani linalopandwa mipakani mwa mashamba, unalishika mkononi, unamwendea. Mtu akiletewa isale hakatai. Akikataa, kinachompata baadaye asimuulize mtu. Asubuhi, mzee akiwa amekwenda kukata majani ya ng'ombe, Mama Eliya akalikata moja mpakani, akavaa kitenge chake cha Pasaka, akapanda pikipiki akateremka.

Kimandolu ukimuulizia Lemburis unaonyeshwa nyumba na watoto wadogo. Kijana mwenyewe alitoka na kaptula, macho yamevimba usingizi, akaona mama mtu mzima mlangoni ameshika jani.

"Shikamoo mama. Mboga leo tunazo."

"Marahaba mwanangu. Si mboga. Mimi ndiye niliyeiba wimbo wako."

Kabla kijana hajajua acheke au aogope, mama yake, Nasieku, akatoka jikoni na mwiko mkononi. Ni Mwarusha wa upande wa pili wa mlima. Aliona jani, mwiko ukashuka. "Lemburis! Simama vizuri! Huyu amekuja kuomba amani. Kwetu tunashika nyasi, kwao wanashika hilo. Lipokee kwa mikono miwili."

Kijana akalipokea kwa mikono miwili, na aibu juu. "Mama, nimekusamehe, lakini mimi hata hiyo video sijaiona. Kuna mzee mmoja alikuwa ananipigia kila siku. Anasema anaupenda sana muziki wangu, anasikitika naibiwa na mama mmoja wa Nkoaranga, nichukue hatua. Nikaona nimridhishe, nikapeleka malalamiko. Namba yake hii hapa."

Mama Eliya akaitazama. Namba ile aliijua kuliko namba ya nyimbo za kitabuni.

"Sadoki!"

"Unamfahamu?"

"Nimemzalia watoto wanne!"

"Haya," alisema Nasieku, akavuta kigoda akaketi, maana mambo yalikuwa yamenoga. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Mama Eliya aliwaka. Alisema atamfungia mtu nje, atampikia mtu mawe, atalala kwa Eliya mpaka Krismasi. Nasieku akamwacha amalize, akamtilia chai. Kisha akasema kwa upole, "Mama Eliya, mwanangu ulichukua wimbo wake bila kumuuliza, umemletea jani. Mzee wa watu umemchukua mgongo wake mzima ukaupeleka duniani. Huyo ulimuuliza?"

Mama Eliya akakiweka kikombe chini, chai hajaigusa.

Lemburis aliondoa malalamiko yake pale pale, akabonyeza mbele yao. "Wimbo tumia mama, nimekupa. Andika tu jina langu chini, watu wajue ni wa nani." Na Mama Eliya akapanda kurudi mlimani bila jani, maana isale lililopokelewa halirudi. Furaha imempanda hadi kooni, kwa kuwa video itarudi. Hasira nayo ipo. Na chini kabisa, aibu.

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alikata kona mpakani, kwenye masale, akatafute jingine. Akamkuta mtu ameinama pale na panga.

"Mama Eliya."

"Baba Eliya."

"Umetoka wapi?"

"Wewe unakata nini?"

Mzee akalitazama jani mkononi mwake kana kwamba limeota hapo lenyewe. "Asubuhi nimeona isale limekatwa. Nikajua umekwenda kuomba msamaha kwa balaa nililolileta mimi. Tangu hapo sijala."

"Ndizi si nimekuachia jikoni?"

"Nimeziona. Hazikupita."

Akamnyooshea jani. Mama Eliya hakulipokea. Akamnyang'anya panga, akakata lake, naye akamnyooshea. Wakabaki wamesimama hivyo, kila mtu na isale lake, hakuna awezaye kukataa la mwenzake, na utaratibu wa nani aanze hawakuwahi kufundishwa na mtu. Mama Eliya ndiye aliyeanza kutikisika. Kicheko kikamtoka, kikavuka korongo, na ng'ambo kule watu wakaanza kucheka. Wakabadilishana majani.

"Lakini Baba Eliya, kwa nini? Kucheza ni dhambi?"

"Nani amesema kucheza?" Mzee alifoka. "Suruali!"

"Suruali gani?"

"Itazame!"

Akatoa simu. Video ilikuwa imesharudi. Wakaitazama wawili, vichwa vimegusana, na pale anapoteremka taratibu, lahaula! Makalioni pa Mzee Sadoki, mzee wa kanisa, kiraka kikubwa cha kitenge, na katikati ya kiraka ua jekundu limechanua.

"Nusu ya Tanzania imeliona ua hilo," alisema mzee. "Na kiraka umekishona wewe!"

Mama Eliya alikaa chini kwenye nyasi. Alicheka mpaka sauti haikutoka. Alipopata pumzi akafuta macho, akasema, "Kweli sikuliona. Nimeitazama hii video usiku na mchana, Baba Eliya, sijawahi kuiona suruali. Mimi nilikuwa natazama mabega."

Mzee Sadoki akakaa karibu naye, kwa kishindo, kama wazee wakaavyo.

"Ifute hiyo," alisema baadaye. "Nitakuchezea nyingine. Na suti."

Hapo moyo wa Mama Eliya ulisita. Alimjua mumewe; ahadi ya dansi kutoka kwake ni mbuzi kwenye gunia. Akiifuta hii, na mzee akanuna, basi yule kijana wa mabega amekwenda moja kwa moja. Lakini isale la mzee lilikuwa mapajani mwake. Akabonyeza, ikafutika.

Jumamosi alasiri mlango wa chumbani ukafunguliwa, akatoka Mzee Sadoki na suti yake nyeusi ya ibada ya Chakula cha Bwana, tai shingoni, viatu vimepakwa rangi, kapu la kahawa kiunoni. Akampita mkewe bila neno, akaenda kusimama katikati ya mibuni. Redio ikawekwa dirishani, ukapigwa wimbo wa Lemburis, kwa ruhusa ya mwenyewe safari hii.

Mama Eliya akainua simu. Akabonyeza. Akabonyeza tena. "Mungu wangu! Imejaa! Haina nafasi!" Akaanza kutafuta cha kufuta, anaogopa mzee atabadili mawazo, na kila anapogusa anakutana na macho makubwa ya upole. Malkia. Malkia. Malkia.

Kule mibunini mzee alikuwa anamtazama. Wimbo unakwenda. Akavuta tai yake kidogo.

"Mfute Malkia," alisema.

Mama Eliya akamtazama. "Baba Eliya?"

"Umesikia. Bakiza picha moja."

Akamfuta, moja baada ya nyingine, machozi yanadondokea kioo. Alipoinua simu, Mzee Sadoki alitazama kushoto, akatazama kulia, na mabega yakaanza.

"Siafu hao, Baba Eliya?" aliita kwa kicheko.

"Siafu," alijibu mzee, kiuno nacho kikafuata.