Diskasi wa Oldřich

Kama kuna mtu niliyemkosea duniani ni Oldřich Vavrečka, jirani yangu wa ghorofa ya tano pale kwenye mji wa migodi wa Ostrava. Alichimba makaa ya mawe miaka ishirini na miwili, akastaafu na kifua kibovu na hamu moja tu: diskasi wake wazae, naye awaone watoto wakikua.

Diskasi ni samaki bapa, wa duara kama kisahani, ukoo mmoja na perege, lakini kwa kudeka hawana mwenzao. Oldřich alinunua sita wadogo, akawaacha wachaguane wenyewe. Wawili walipopendana na kuanza kuwafukuza wengine, akawapa tangi lao peke yao sebuleni, mahali pa televisheni. Televisheni ikahamia jikoni. Mkewe, Květa, alituambia kaletewa mke mwenza mwenye mapezi.

Miaka mitatu jike akawa anataga, kisha wote wawili wanayala mayai. Kwenye chama chetu cha wafuga samaki, tulikokutana kila Jumapili asubuhi na bia zetu, tulimcheka sana. Sisi tulifuga samaki malaika, na kazi yetu ilikuwa rahisi: jike akishataga, unayaondoa mayai upesi, unayatia kwenye chupa yenye dawa ya buluu, wazazi hawaonji hata moja. Nikamshauri afanye hivyo. Akasema diskasi hawalelewi hivyo, watoto wao hula ute wa ngozi ya wazazi. Nikaona porojo tu. Samaki anyonyeshe? Hebu niondokee!

Mwaka wa themanini na nne mayai yakaanguliwa hatimaye, na siku hiyohiyo kifua kikambana, akapelekwa hospitali. Květa alikuwa kwa dada yake, kwa hiyo ufunguo nikaachiwa mimi.

"Luboš," aliniambia huku akihema, "taa usizime. Na mkono wako usiingie humo ndani. Hata kidole."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Siku ya nne watoto walianza kuogelea, wadogo kama nukta, wakamvamia baba yao ubavuni. Dume akajitikisa, kisha akamnyaka mmoja kwa mdomo. Sikungoja kuona kama atamtema. Nikachukua bomba la mpira, nikawafyonza wote kwenye beseni, nikawapa vijidudu bora nilivyokuwa navyo. Nilijiona mkombozi, mjinga mimi. Wazazi wakabaki wakizunguka pembe zote za tangi, rangi imewageuka nyeusi.

Watoto hawakula kitu. Kesho yake niliwakuta wamejibandika kwenye ukuta wa beseni, wanadonoadonoa plastiki kama ngozi ya mzazi, na hapo nikaelewa. Nikawarudisha mbio wale waliobaki. Wazazi hawakuwatambua tena, wakawameza mbele ya macho yangu.

Oldřich alirudi baada ya wiki mbili, akaenda moja kwa moja kwenye tangi kabla hajavua koti. Nikamwambia wazazi wamewala. Haukuwa uongo mtupu, ndiyo maana ulinitoka kirahisi vile.

Hakulalamika. Alisema huenda wawili wale wana kasoro ya kuzaliwa, na yeye amechoka kusubiri. Akampa Hynek, mfugaji wa mji wa Přerov, wote wawili.

Miezi minane baadaye Hynek alikuja chamani na picha, akidhani anamletea rafiki yake furaha. Ni walewale, dume na jike, mbavu zimejaa watoto kama mia wanaonyonya.

Oldřich aliisogeza ile picha karibu na macho.

"Wazazi wazuri hawa," akasema. "Kumbe kasoro ilikuwa kwangu." Kisha akanigeukia. "Luboš, lile tangi njoo ulichukue. Wewe angalau una mkono wa kufuga samaki."

Nililichukua Jumatatu, na Květa akanishikia mlango. Mimi na Oldřich tuliishi mlango kwa mlango miaka mitatu mingine mpaka tulipomzika, na kila asubuhi tulisalimiana kwenye ngazi. Sikumwambia.