Haragwe kwa Kila Kichwa

Nilipokuwa mtoto, kwetu milimani juu ya Mlola mbuzi walihesabiwa, migomba ilihesabiwa, watu hapana. Ukimnyooshea mtoto kidole ukasema moja, mbili, tatu, umeshakionyesha kifo pa kuchagua. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na ushahidi wake: enzi za Mwingereza karani mmoja alipita akawahesabu wanawe, na kabla ya mavuno wawili walikufa kwa surua. Alikuwa Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, lakini kwa jambo hilo hata mchungaji hakumweza.

Basi miaka ile ya Ujamaa akaja bwana mmoja wa Serikali kutoka Tanga, akiongozwa na mwenyekiti wetu wa kijiji. Tulikuwa tukichimba barabara wenyewe kwa majembe, tukakwama kwenye mwamba. Bwana yule alitaka kujua tuko wangapi, maana tingatinga lilikuwa moja na vijiji vilivyolitaka vilikuwa vingi. Lingeanzia penye watu wengi. Bibi zetu wakatuswaga migombani kama vifaranga vinavyofichwa mwewe asivione. Mimi nililala kifudifudi nikitafuna muwa, raha tupu. Wazazi wetu nao walijificha, mgeni akawakuta wazee wachache tu wakiota moto.

"Sasa mwenyekiti," akauliza, "hii barabara ni ya migomba?"

Akaondoka, na tingatinga likaenda kwingine.

Masika yakiwa hayajaisha, mama akashikwa na uchungu, mimba haijatimia, damu inamtoka. Hospitali iko Lushoto, na gari lilikuwa likiishia mbali, bondeni. Baba na majirani wakamlaza kwenye machela ya miti na blanketi, wakawa wanapokezana mabega kwenye utelezi. Bibi aliwafuata miguu peku. Mama alipona, namshukuru Mungu mpaka leo. Mtoto alizaliwa njiani, hakulia.

Bibi aliporudi hakuingia hata ndani. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, nami nyuma yake.

"Mwite yule bwana arudi."

"Mama, si ninyi mliowaficha watoto?"

"Huyu wa juzi hakuhesabiwa na mtu," alisema Bibi. "Na amekwenda."

Masharti aliyaweka yeye. Hakuna kunyoosheana vidole. Kila mtu atatia haragwe moja kwenye ungo kwa mkono wake mwenyewe, mtoto mchanga atasaidiwa na mama yake, halafu mgeni atahesabu maharage.

"Shikamoo, bibi," alisema yule bwana siku aliporudi.

"Marahaba, baba. Hesabu maharage. Watu waache."

Tulitia, nyumba kwa nyumba. Zamu yetu ilipofika, Bibi alitia lake mwisho, kisha akaongeza mawili.

"Haya ya nani, bibi?"

"Ya wanangu. Wamelala pale nyuma ya nyumba. Kifo kikija kudai, kikute kimeshapewa."

Yule bwana hakucheka. Aliyatoa yale mawili taratibu, akayaweka kwenye kiganja cha Bibi, akasema hao hawezi kuwapeleka Serikalini, lakini amewasikia. Bibi akafumba mkono.

Tingatinga likaja. Mdogo wangu aliyefuata alizaliwa Lushoto. Mama alipanda lori la mboga hapo hapo kijijini, akateremshwa mlangoni mwa hospitali, tena akitaniana na dereva.

Watu wa kwetu humsifu Bibi kwamba siku ile aliacha ushirikina. Wanamsingizia. Kwa muda mrefu baadaye, mmoja wetu akipata homa kidogo tu, Bibi alikaa kando ya kitanda akilia, akiamini ametukabidhi kwa kifo kwa mkono wake. Aliamini hivyo mpaka tunamzika. Namshukuru kwa hilo kuliko kwa barabara yenyewe: alidhani anawahatarisha wote aliowapenda, na bado alitushika mkono mmoja mmoja akatufikisha kwenye ungo, ili mkwewe asibebwe tena kwenye machela.