Bustani ya Kisasa na Matuta ya Mama

Siku hizi nikipita mtaa wa Kizwite, Sumbawanga, naona watu wametengeneza bustani za mtindo mpya: nyasi fupi, mawe yamepangwa, ua moja hapa na jingine kule. Wenzangu wanasimama kusifu. Mimi nauliza kwanza, udongo huo wameutoa wapi?

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa walituhamisha kwetu bondeni wakatupanga barabarani, nyumba mstari mmoja. Shamba letu la zamani tulikatazwa kulirudia, na jipya tulikuwa hatujagawiwa. Ardhi aliyobaki nayo mama ni kile kipande mbele ya nyumba. Baba alikuwa amefariki. Tulikuwa watoto wanne, mimi binti mkubwa, na maharage ya kipande kile ndiyo yangekuwa mboga yetu na mbegu yetu.

Mama akalima kama Wafipa tunavyolima. Unakata udongo pamoja na nyasi zake, unageuza, nyasi zinafunikwa ndani, linakuwa tuta la mviringo. Sisi tunaita ntumba. Nyasi zikioza humo, udongo unakuwa mweusi, laini. Juu yake akafukia maharage, ndiyo mbegu yote tuliyokuwa nayo.

Sasa Bwana Maendeleo, mgeni kwetu, akaja na pikipiki yake kutoka Sumbawanga mjini. Akasema kila nyumba iwe na bustani ya kisasa kama zile za nyumba za wakubwa: maua kwa mstari wa kamba, pembeni mawe yaliyopakwa chokaa. Kuna mkubwa wa mkoa angekuja kukagua. Alipofika kwetu akasimama.

"Mama, haya makaburi?"

"Makaburi ya nani tena, baba? Huu ni mtindo wa mviringo. Maua hayajaota."

Akazunguka, akatikisa kichwa. "Mviringo! Hata mjini hawana huu." Akaondoka ameridhika kabisa. Mama alikimbilia ndani akajiziba mdomo kwa kanga, akacheka mpaka akakaa chini.

Maharage yalipotoa majani mawili mawili, yule bwana akarudi. Alichomeka fimbo kwenye tuta, akachimbua nyasi zilizooza.

"Unanichezea, mama. Hizi ni ntumba. Umefukia nyasi ili upande maharage."

Mgeni wa miezi michache, nani kamfundisha kilimo chetu? Tangu siku ile mama hakumwamini mtu. Tulimshuku mjane wa nyumba ya kulia kwa sababu alikuwa ameacha kuja kuomba moto. Tukaacha kumsalimia. Kumbe maskini alikuwa anaumwa mguu.

Kesho yake alikuja mjumbe wetu wa nyumba kumi na watu wenye majembe. Jina lake silitaji, wanawe wapo, lakini cheo chake nakitaja na watakaosoma watamjua. Mfipa mwenzetu, amekula maharage ya ntumba tangu ananyonya. Alisimama juu ya tuta la kwanza akasema kwa sauti ya mkutano, "Sawazisheni! Uchafu huu uondoke kabla mgeni hajafika."

Mama akamwambia taratibu, kwa Kifipa, amwachie hata matuta matatu ya mbegu.

"Shemeji, sema Kiswahili, hii ni kazi ya serikali," akamjibu.

Ule uchafu haukutupwa. Nilisimama mlangoni nikaona vikapu vinaelekea wapi: mbele ya nyumba yake. Udongo wetu mweusi akautandaza chini ya kamba zake, na kwetu ukabaki udongo mwekundu, mkavu. Bwana Maendeleo aliona vikapu vile akageuza uso. Basi aliyemfundisha ntumba nikamjua; wote wawili ndio hao.

Mkubwa wa mkoa alipokuja, maua ya mjumbe yalikuwa yanafika kiunoni. Mjumbe akapigiwa makofi. Wageni walipoondoka, mama akamfuata.

"Shemeji, bustani yako imependeza."

"Ni jitihada tu, shemeji."

"Na haya maua yanaungwa na karanga, au yanachemshwa tu?"

Watu wakacheka. Yeye akajichekesha. "Una maneno wewe!" Halafu akaingia ndani akafunga mlango.

Hakutuletea hata kibaba cha maharage. Mwaka ule tulikula ugali wa ulezi kwa chumvi, na chumvi nayo ilikuwa ya kutafuta.